Silsila ya Vitu Vilivyo Ugenini

Jioni ya leo nimependa tuzungumze juu ya swali ambalo kwa maneno ni fupi mno, hata mtoto aweza kuliuliza asimamapo mbele ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho, walakini kujibiwa kwake kumewachosha wanavyuoni wa mataifa mengi, kumewatahayarisha wakurugenzi wa majumba yenye fahari, na mara nyingine kumewaketisha mawaziri wa serikali mbili kwenye meza moja. Swali lenyewe ni hili: kitu hiki kilifikaje hapa?

Mtazamaji aingiaye katika jumba la makumbusho hukuta chini ya kila kitu kibao kidogo kilichoandikwa jina la kitu, nchi kilikotoka, namna kilivyotengenezwa, na pengine mwaka kilipoingia katika hazina ya jumba. Tuseme kibao kinasema kuwa hii ni ngao ya ngozi, ya Afrika ya Mashariki, na kwamba iliingia mwaka 1906. Apitaye kwa haraka huridhika akaenda zake. Lakini mwenye kuijua taarikhi ya nchi zetu atasita, kwa sababu anakumbuka kwamba mwaka 1906 Vita vya Maji Maji vilikuwa vikiwaka tangu Umatumbi hata Ungoni, naye atajiuliza ni nani aliyeishika ngao ile mara ya mwisho kabla haijatiwa namba, na kama mtu huyo aliiuza kwa ridhaa yake, au aliitunuku, au aliitupa akikimbia, au alikutwa nayo akiwa maiti. Kibao hakisemi, na kunyamaza kwa kibao ndiko kulikozaa elimu ninayotaka kuizungumza.

Elimu hiyo ni ya kutafuta silsila ya kitu: nani alikitengeneza na kwa ajili ya nani, kilirithiwa na nani, kilitoka mkononi mwa mwenyewe kwa njia gani, kikapita kwa askari gani, kwa mfanyabiashara gani, kwa mnada gani na kwa meli gani, hata kikafika mahali kilipo leo. Watu wa pwani hawatakiona kigeni kipimo cha elimu hii, maana wanavyuoni wa hadithi za Mtume walikwisha kutufunza zamani kwamba habari haipokewi kwa uzuri wa maneno yake peke yake, bali hutazamwa isnadi yake, yaani fulani aliyepokea kwa fulani aliyepokea kwa fulani. Na pete moja ikikatika katika mnyororo huo, au mmoja wa wapokezi akijulikana kwa uongo, habari nzima huingiwa na udhaifu. Ndivyo vilivyo vitu vya makumbusho, ila vina msiba wao wa peke yao: pete za mwisho za mnyororo, zile za jumba na za dalali na za bwana mkusanyaji, aghalabu zinang'aa kwa wino na mihuri, ilhali pete ya kwanza, iliyokuwa mkononi mwa mwenye mali, ndiyo isiyoonekana.

Huko Ulaya elimu hii haikupata nguvu kwa ajili yetu. Ilipata nguvu kwa ajili ya picha na vyombo vya thamani ambavyo Wanazi waliwanyang'anya Mayahudi tangu mwaka 1933 hata 1945, au waliwalazimisha kuviuza kwa bei ya kutupa ili wapate kukimbia na roho zao. Desemba 1998 wajumbe wa serikali 44 walikutana Washington wakakubaliana juu ya kanuni za kuzitafuta kazi hizo za sanaa, kuzifungua kumbukumbu zilizofungwa, na kusikilizana kwa insafu na warithi wa waliodhulumiwa. Kanuni zile hazikuwa sheria ya kumfunga mtu, lakini zilibadili adabu ya kazi, kwa kuwa majumba yalianza kuweka watu ambao shughuli yao ni kuigeuza picha na kuisoma nyuma yake, ambako vibandiko na mihuri ya wauzaji hubakia, kisha kupekua orodha za minada na kulinganisha tarehe na tarehe. Na baada ya kuzoea kuuliza hivyo juu ya picha ya mchoraji wa Ulaya, dhamiri iliyo hai haikuweza kukwepa kuuliza vivyo hivyo juu ya ngoma, ngao na viti vya enzi vilivyotoka Afrika.

Sasa mtafutaji huanzia wapi? Huanzia katika daftari ambamo kila kitu kiliandikwa siku kilipoingia jumbani. Tutwae mfano wa Berlin, maana huko ndiko viliko vitu vingi vilivyotoka Tanganyika zama za Wajerumani. Mwaka 1889 dola ya Ujerumani ilikata shauri kwamba vitu vitakavyokusanywa katika makoloni na misafara iliyogharimiwa na serikali vipelekwe kwanza kwenye makumbusho ya Berlin, na kwamba Berlin ikisha kuchagua, vile vinavyofanana na vingine vipewe majumba ya miji mingine. Kwa mpango huo mikuki miwili iliyotoka katika nyumba moja yaweza leo kuwa katika miji miwili, kila mmoja na namba yake, pasipo mmoja kujua habari za mwenziwe. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na vitu vingi vya Berlin vikahamishwa kwa kuogopa mabomu. Sehemu yake ilichukuliwa na Warusi hadi Leningrad, baadaye ikapelekwa Leipzig, na haikurudi Berlin ila katika miaka ya 1990. Basi mtu anayekitafuta kitu cha Ungoni hujikuta akisoma habari za treni za Urusi, na hana budi kuzisoma, kwa sababu kibandiko kilichobanduka njiani ni ushahidi uliopotea.

Daftari lenyewe lina safu ya mtu aliyekitoa kitu, na hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Katika safu hiyo mmeandikwa jina la afisa wa jeshi, au la daktari wa kikosi, au la mmisionari, au la mkuu wa boma, na mwandishi wa daftari, ambaye pengine hakupata kuiona Afrika maishani mwake, alimhesabu huyo kuwa ndiye chanzo cha kitu, kana kwamba ngao ile ilichipua mkononi mwa luteni. Kwa hiyo mtafutaji mwerevu hulisoma daftari kinyume: jina la afisa likijulikana, hutazama afisa yule alikuwa kituo gani, mwezi gani, katika vita gani, na taarifa zake kwa gavana zilisema vijiji gani vilichomwa, na tarehe ya vita ikikaribiana na tarehe ya sanduku kupakiwa melini, kibao kilichonyamaza huanza kusema. Taarifa hizo nyingine ziko Ujerumani, nyingine zimo katika hati za utawala wa Kijerumani zilizobaki Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, nazo zimeandikwa kwa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hauwezi bila kufundishwa. Ni kazi ya watu wa nchi mbili wenye kusaidiana, na dalili yake njema ni kitabu kilichotolewa mwaka 2018 juu ya vitu vya vita vya ukoloni vilivyomo Berlin, kilichoandikwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili, na wanavyuoni wa Tanzania wakiwa miongoni mwa walioshiriki.

Walakini karatasi, hata zikisomwa kwa werevu, ni ushahidi wa upande mmoja, nao ni upande wa mwenye kuchukua. Hilo ndilo neno ninalotaka mlishike katika mazungumzo haya: silsila ya kitu haiwezi kutimia kwa kumbukumbu za aliyekichukua peke yake, hutimia pale kumbukumbu za aliyenyang'anywa zinapoletwa mbele, zikapimwa kwa ukali uleule, na zikapewa heshima ileile. Nitawapeni habari tatu zilizotukia kweli, mpate kuona namna ushahidi wa upande wa pili unavyofanya kazi, na namna unavyoweza kupungua.

Habari ya kwanza ni ya vigango. Wagiriama, ambao ni miongoni mwa Mijikenda wa pwani ya Kenya, walikuwa na desturi ya kumsimikia kigango mzee aliyekuwa mwanachama wa chama chenye hadhi cha Gohu baada ya kufa kwake. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, umechongwa kichwa, na mwili wake umenakshiwa kwa alama za pembe tatu zilizopangwa kwa ustadi. Nao haukuwa pambo, bali ndio makao ya roho ya marehemu miongoni mwa jamaa zake, na kuuondoa kuliaminiwa kuleta ukame, maradhi na mikosi. Hata jamaa walipohamia boma jipya, vigango vya zamani viliachwa pale pale viliposimikwa, wala mtu hakuvigusa. Desturi hiyo ya heshima ndiyo iliyowarahisishia wezi, maana tangu miaka ya 1970 wageni walipoanza kuvitamani, vijana wasio na kazi waliving'oa usiku wakawauzia wenye maduka ya vinyago, na hao wakawauzia wafanyabiashara wa Marekani, na hao wakawauzia matajiri, na matajiri wakavitunuku majumba ya makumbusho, kila mkono ukiwa na hati ya malipo iliyo halali kwa kuitazama.

Mwaka 1985 mwanamke mmoja wa Kimarekani, mtaalamu wa mila za watu, jina lake Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa karibu na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Haukupita muda mrefu vigango vile vikaibwa, na mzee akafariki asivione tena. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanavyuoni wa mambo ya Afrika huko Marekani, Udvardy alikuwa akitazama picha zilizoonyeshwa ukutani na mwenziwe Linda Giles, juu ya vitu vya Afrika vilivyomo katika makumbusho moja ya Illinois, mara akakiona kigango alichokijua. Na walipoendelea kutafuta wakakiona cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Walilinganisha nakshi na nakshi, hakukubaki shaka. Kigango kimoja kilirudi Kenya mwaka 2006, cha pili kikafuata, na jamaa wakapokea kilicho chao.

Tazameni sasa uzito wa picha ile moja. Hati za malipo zote zilikuwa upande wa majumba, nazo zilikuwa kamili. Lakini picha ilionyesha kitu kikiwa bado mahali pake, pamoja na mwenyewe, katika mwaka unaojulikana, na kwa hiyo hati zote zilizofuata zikaonekana kuwa ni hati za mali ya wizi. Na tazameni kadhalika msiba wa vile visivyopigwa picha. Makumbusho ya Denver ilikuwa na vigango 30 ilivyotunukiwa mwaka 1990, nayo kwa uungwana ikakiri kwamba haistahili kuviweka, ikavirudisha Kenya mwaka 2019. Lakini ni nani awezaye kusema kwa yakini kila kimoja kati ya 30 hivyo kilikuwa cha nani na kilisimama katika boma gani? Kurudi nchini ni jambo moja, na kurudi nyumbani ni jingine.

Habari ya pili ni ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua kwa bunduki mwezi Julai 1898 akikataa kutiwa mikononi mwa Wajerumani, kisha kichwa chake kikakatwa kikachukuliwa. Mambo ya kichwa hicho yaliingia hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambao kifungu chake cha 246 kiliitaka Ujerumani, katika muda wa miezi sita, ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Kiingereza, na katika kifungu hicho hicho ikatakiwa irudishe Msahafu wa Sayidna Othman uliotolewa Madina. Miezi sita ikapita, ikapita na miaka 34, wala fuvu halikupatikana. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikwenda mwenyewe mpaka Bremen, ambako makumbusho ilikuwa na mafuvu ya watu yapatayo 2,000, na kati ya hayo 84 yalisemekana kutoka Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Hapakuwa na karatasi iliyotaja jina la Mkwawa. Basi wakatumia vipimo: wakachagua mafuvu ambayo upana wake kwa urefu wake ulikaribiana na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa, na katika hayo wakatwaa moja lililokuwa na tundu la risasi. Mwezi wa Juni 1954 fuvu hilo likapokewa Kalenga na Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, kwa heshima kubwa, na hata leo liko hapo katika makumbusho yake karibu na Iringa.

Siwezi kuzungumza juu ya Kalenga bila ya adabu, kwa sababu mahali pale ni pa kumbukumbu tukufu kwa Wahehe na kwa taifa zima, na heshima waliyopewa wazee pale haikuwa na kosa. Lakini mtafutaji wa silsila hulazimika kusema kwamba kipimo cha kichwa ni dalili dhaifu, na kwamba tundu la risasi, katika nchi iliyopigwa vita miaka mingi, si alama ya mtu mmoja. Ndiyo maana wamekuwako wanavyuoni walioshuku tangu zamani. Na shaka hiyo ina upande wake mwingine ambao haukumbukwi sana: yale mafuvu mengine 83 yalikuwa ya nani? Nayo yalikuwa na mama zao, na majina yao, na pengine kuna nyumba iliyomngoja mmoja wao arudi hata ikachoka. Kutafuta fuvu la mfalme peke yake kulikuwa ni mambo ya siasa. Kuuliza juu ya kila fuvu ndiyo elimu.

Habari ya tatu yaanza hapo. Berlin nako kulikuwa na mafuvu kwa maelfu, yaliyokusanywa zama za ukoloni kwa ajili ya elimu ya kuwagawa watu kwa vipimo, elimu ambayo leo imekataliwa kwa ubatili wake. Baada ya mafuvu hayo kuhamishiwa mwaka 2011 chini ya taasisi inayosimamia makumbusho za Berlin, watafiti walishughulika na yale ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 2023 wakatangaza matokeo: mafuvu 1,135, mengi kabisa, yaani 904, yakiwa yametoka nchi ambayo sasa ni Rwanda, 202 Tanzania, 22 Kenya, na machache yakabaki bila ya nchi. Idadi hiyo yatosha kumnyima mtu usingizi, lakini lililo kubwa zaidi lilifuata. Huko Kilimanjaro, watoto wa wale walionyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na mtawala wa hapo, Mangi Meli, hawakuacha kuulizia wazee wao walizikwa wapi, kwa maana ilikuwa ikisimuliwa kizazi hata kizazi kwamba vichwa vilichukuliwa. Katika mafuvu ya Berlin mlikuwa na moja lililoandikwa neno Akida. Jamaa walio hai walitoa mate yao yapimwe, na vipimo vya nasaba vikaonyesha kwamba fuvu hilo linaafikiana kabisa na mmoja wao, ambaye mzee wake alikuwa mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Na mafuvu mengine mawili nayo yakapatana na jamaa za Kichaga kwa ukaribu mno. La Mangi Meli mwenyewe halijaonekana.

Msikilizaji mmoja aweza kusema kwamba hapa aliyeshinda ni fundi wa maabara. Mimi nasema fundi alikuja mwisho. Asingalijua ampime nani, lau si wazee wa Old Moshi walioishika habari kwa zaidi ya miaka 100, wakataja nani alinyongwa, wa ukoo gani, mtoto wake nani na mjukuu wake nani. Kumbukumbu ya mdomo ndiyo iliyoielekeza mashine mahali pa kutazama, na mashine ikairudishia kumbukumbu ile fadhila kwa kuisadikisha. Hali kadhalika Wapokomo wa Mto Tana hawakuisahau Ngadji, ngoma yao kuu, iliyochukuliwa zama za Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo imo katika ghala la British Museum mjini London. Kwa jumba lile ni namba moja katika mamilioni, na kwa Wapokomo ni sauti ya utawala wao.

Hata hivyo nisieleweke kuwa nasema kila neno la mzee lipokewe bila ya kupimwa. Kumbukumbu za mdomo zina magonjwa yake: ukoo hutaka fahari, mshindani hutaka haki ya mwenziwe, na miaka huunganisha matukio mawili yakawa moja. Dawa yake si kuzidharau, bali ni kuziandika vizuri: nani alisimulia, alisikia kwa nani, siku gani, mbele ya nani, na je, wa kijiji cha pili husimulia vipi? Kumbukumbu zilizoandikwa hivyo huweza kusimama mbele ya daftari lolote la Berlin au London bila ya haya.

Nasi tunao mfano mwema wa silsila isiyokatika. Mmisionari William Taylor alipokuwa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, naye hakuyaokota njiani, alisaidiwa na mwanachuoni wa mji, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyajua na kuyaandika. Karatasi hizo ziko London katika chuo cha SOAS, na kwa kuwa jina la Mwalimu Sikujua limehifadhiwa pamoja nazo, msomaji wa leo ajua mashairi yamepitia mkono wa nani, na aweza kumshukuru mtu wa haki. Vitu vyetu vyote vilivyo ng'ambo vingalikuwa na bahati hiyo, mazungumzo haya yasingalikuwa na haja.

Wako wasemao kwamba kuchimbua mambo haya ni kufukua chuki, na kwamba vitu vile vimetunzwa huko kwa usalama ambao huku havingalipata. Kutunza ni wema, sikatai. Lakini mwenye kutunza amana huulizwa ni amana ya nani, na asiyeweza kujibu hana budi kutafuta kabla ya kudai shukrani. Wako na wengine, wa upande wetu, wanaotaka vitu vyote virudi kesho asubuhi pasipo kuulizwa neno. Nao nawaheshimu kwa uchungu wao, ila nawakumbusha vigango vya Denver na fuvu la Kalenga: kitu kirudicho bila ya silsila hurudi kikiwa yatima, na wanaogombania yatima ni wengi kuliko wanaomlea.

Tena yafaa tujitazame sisi wenyewe. Majumba yetu ya makumbusho, likiwamo la Dar es Salaam lililofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, yalianzwa na watawala walewale, na vitu vyake vingi vililetwa na mabwana shauri walewale kwa njia zilezile. Swali tunalowauliza Wajerumani na Waingereza latuhusu na sisi, mintarafu vitu vya vijiji vyetu vilivyomo katika maghala yetu. Kazi njema imeanza: huko Kenya, Makumbusho ya Taifa, kwa kushirikiana na wasanii na majumba mawili ya Ujerumani, ya Cologne na Frankfurt, wameandaa orodha ya vitu vya Kenya vilivyo katika nchi za ng'ambo, na orodha hiyo imepita vitu 32,000. Orodha si marejeo, lakini mtu hawezi kudai asichojua kuwa kipo.

Basi, wasikilizaji wangu, kazi iliyobaki haikuachiwa wataalamu peke yao. Kila mwenye mzee nyumbani ajuaye habari ya ngoma, kiti, siwa, upanga au kaburi lililovunjwa, amketishe na kumwandika, kwa jina lake na kwa tarehe, na ayaache maneno ya mzee kama yalivyotoka kinywani mwake. Kila mwenye picha ya zamani aandike nyuma yake ni nani, ni wapi, na ni mwaka gani. Na nakala moja ipelekwe kwenye makumbusho ya karibu au kwa mwalimu wa taarikhi wa shule ya mahali. Nao walimu wetu wa vyuo vikuu wawafundishe vijana wachache, hata kama ni watatu kila mwaka, kuusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ili tusiendelee kuzitegemea hisani za watu kwa kusoma mambo yaliyotupata sisi. Aliyechukua ameandika upande wake, tena ameuandika vizuri. Upande wa pili bado uko midomoni mwa watu walio hai, na watu hao wanazeeka.